Papa Écrivain na Sura ya Kumi na Mbili

Ukimwona Papa Écrivain, yaani Baba Mwandishi, amekaa kwenye benchi la ofisi ya serikali, faili kwapani, shingo imeinama, usimhurumie. Hangoji kitu. Yuko kazini. Aligundua zamani kwamba mtu anayengoja karatasi ya serikali hakuna anayemsumbua. Nyumbani kwake kuna watoto watano, redio ya jirani, na wageni wanaoingia bila hodi wakisema, "Papa, minaona haufanyi kitu, alors nisaidie kusoma hii barua." Kwenye benchi watu wanakuonea huruma na kupita. Basi kila siku ya likizo ya shule alivaa shati safi, akaenda kungoja, na nyuma ya lile faili aliandika riwaya.

Siku moja mambo yakamharibikia. Ofisini aliletwa karani mpya mwenye bidii, ugonjwa ambao hapa kwetu hupona wenyewe baada ya mwezi, na yule karani akatoka mlangoni akasema, papa, nimekuona wiki nzima umekaa, hebu ingia. Papa Écrivain hakuwa na shida yoyote ya kumweleza. Akashikwa na kigugumizi, akataja karatasi ya kwanza iliyomjia kichwani, na baada ya nusu saa akatoka nje na cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba hajaoa. Mke wake alikikuta mfukoni mwa suruali wakati wa kufua. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumweleza yule mama kwamba mume wake hatafuti bibi mwingine, alikuwa anatafuta tu mahali pa kukaa aandike. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa kiti, akanipa na maji, lakini sina hakika kama aliniamini.

Mimi nina biro, yaani ofisi ndogo ya kupiga chapa, nyuma ya soko kuu. Ordinateri, au kompyuta, mbili, imprimante moja ya kuchapia, mashine ya fotokopi, na groupe, yaani jenereta, ambayo ni lazima uitukane kwanza ndipo iwake. Tunapiga barua za kuomba kazi, kazi za wanafunzi wa chuo, matangazo ya matanga, orodha za vitu vya mahari. Papa Écrivain alikuja kwangu mara ya kwanza na mfuko wa unga, na ndani ya mfuko hakuna unga, kuna karatasi za mitihani ya wanafunzi wake. Alifundisha historia katika shule moja ya sekondari. Upande mmoja wa karatasi kulikuwa na makosa ya watoto, upande wa pili kulikuwa na riwaya. Nilimuuliza nipige upande gani. Hakucheka.

Nilimpigia kitabu kile kwa miaka mitatu, sura kwa sura. Alikaa karibu yangu akitazama vidole vyangu, na nikikosea herufi alitoa sauti kooni, kidogo tu, ya mtu aliyekanyagwa. Nilimfukuza mara nyingi. Sentensi zake zilikuwa ndefu mno, sentensi moja ilikula bensini ya groupe mpaka nikawa naomba nukta. Nilimwambia siku moja, papa, mtu akisoma hii atakosa pumzi. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba pumzi ni shida ya msomaji. Kesho yake akarudi kabla sijafungua mlango, amesimama nje na macho mekundu, ameikata ile sentensi vipande vinne. Ndivyo alivyokuwa. Mdomoni hakukubali neno la mtu, nyumbani alilibeba lote.

Watu wakubwa walimlaumu kwa kuandika Kiswahili. Kwao kitabu ni Kifaransa. Kiswahili ni cha kuuliza bei ya sombe, majani ya muhogo, na Lingala ni ya nyimbo na askari. Mwalimu mwenzake alimwambia mbele yangu kwamba kuandika riwaya kwa Kiswahili hapa Kisangani ni kuvaa koti la suti ukaenda kulima. Papa Écrivain akamjibu kwamba wanaolima ndio wengi. Lakini huyohuyo, akigombana na mtu, aligombana kwa Kifaransa tu, tena kile cha kale, na akishinda alifurahi kama mtoto.

Na majirani! Habari zilipotoka kwamba anaandika kitabu cha watu wa hapa, nusu ya avenue, yaani mtaa wetu, ikaacha kumsalimia, kwa hofu ya kuwekwa ndani, na nusu nyingine ikaanza kumletea samaki, kwa tamaa ya kuwekwa ndani. Fundi cherehani aliyekuwa jirani yangu alikuja kunifokea kwamba amesikia yule mlevi wa sura ya tatu ni yeye. Nilimwambia ukweli, sura ya tatu haina mlevi. Akaondoka amekasirika zaidi, anauliza kwa nini basi hakuwekwa.

Kitabu chenyewe, kwa kifupi, ni hiki. Kuna mwanaume fundi wa reli kule Ubundu. Treni zimekuwa haba, kazi hakuna, lakini yeye kila asubuhi anapaka mafuta mashine iliyolala. Mke wake amechoka naye, amerudi kwa mama yake huku Kisangani. Siku moja yule fundi anaondoka kwa miguu, anafuata reli, siku nyingi, kuja kumchukua mke wake. Sura ya kumi na moja inaisha amefika mbele ya mlango wa mama mkwe, ameinua mkono apige hodi. Sura ya kumi na mbili ndiyo inasema kama alipiga au hakupiga. Shikeni hilo, maana ndilo lililotuharibia maisha.

Lazima niseme pia alichokitaka, maana watu wengi walimkosea hapo. Walidhani anataka jina. Hakutaka jina, hata juu ya jalada aliliandika kwa herufi ndogo mpaka nikamkaripia. Alitaka kitu kimoja: mtu mmoja, yeyote, akisome kile kitabu mwanzo hadi mwisho kwa hiari yake, bila mtihani, bila kutumwa, kisha aje amwambie alichoona. Mtu mmoja tu katika mji mzima huu. Alinitajia jambo hilo mara nyingi, na mara zote aliona haya, kama anayeomba chakula.

Bon. Siku ya kukusanya vitabu ikafika. Hatukuwa na mashine ya kupanga kurasa. Mimi na dada yangu tulipanga sura kwenye meza, rundo kwa rundo, tukawa tunazunguka meza na kuokota, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, kisha tunabana na kuweka jalada. Nakala hamsini. Meza ikajaa, sura ya kumi na mbili ikakosa nafasi. Nikaiweka juu ya kiti, nikaifunika na gazeti isishike vumbi.

Hapo akaingia chef wetu wa quartier, mkuu wa mtaa, kuja kufanya fotokopi ya karatasi zake. Mtu mzito, wa mwili na wa cheo. Aliona kiti chenye gazeti, akadhani limetandikwa kwa heshima yake, akakaa. Sasa niambie wewe, ungefanya nini. Chef akishakaa, humwambii simama. Nilimtazama dada yangu, dada yangu akatazama chini. Tukasema moyoni, atainuka sasa hivi. Hakuinuka. Alitusimulia habari za mifereji, habari za goti lake, habari za kijana fulani wa Kapalata aliyetaka kumwoa binti yake. Umeme ukarudi, ukakatika, sisi tunazunguka meza, yeye amekaa. Alipoondoka jioni alitushukuru kwa kiti kizuri. Na sisi kwa uchovu wa kumngoja ainuke tulikuwa tumekwisha kubana vitabu vyote hamsini, tukasahau kabisa tulichokuwa tunangojea.

Nililiona asubuhi nilipofagia. Rundo zima la sura ya kumi na mbili, lina umbo la chef. Vitabu vilikuwa vimekwisha kwenda ukumbini kwa uzinduzi, vimefungwa nyuma ya toleka, baiskeli zetu za kubeba watu na mizigo. Nikashika kichwa. Nikatoka mbio na lile rundo ndani ya beseni la kufulia, sijavaa hata kilemba.

Hapa kwetu kitabu hakizinduliwi hivihivi. Kinabatizwa. Kinatafutiwa mlezi, parrain, mtu mkubwa mwenye suti, na mlezi anakimwagia mvinyo wenye povu mbele ya watu, kwaya inaimba, kisha watu wanakula. Nilipoingia, hotuba zilikuwa zimeendelea kwa muda wa saa mbili na Papa Écrivain alikuwa amekaa pembeni mwa meza ya mbele, amefichwa na chombo cha maua. Nikapiga magoti nyuma ya kiti chake nikamwambia sikioni kwamba vitabu vyote havina mwisho. Akafumba macho. Akaniambia kwa sauti ya chini atasimama aseme ukweli, aombe watu wasiondoke na vitabu mpaka turekebishe, na mimi nilianza kulia hapohapo nyuma ya maua, kwa aibu.

Lakini kabla hajasimama akaitwa profesa wa kukieleza kitabu. Profesa alipewa nakala yake asubuhi ileile, niliiona mezani, kurasa zake bado zimebanana. Akasema Kifaransa kirefu. Akasema kitabu hiki ni jiwe la msingi. Akafika kwenye mwisho. Akasema katika maisha yake yote hajasoma sura ya mwisho yenye nguvu namna ile, na kwamba kifo cha fundi wa reli kilimkosesha usingizi.

Fundi wa reli hafi. Hafi katika sura ya kumi na moja, hafi katika sura ya kumi na mbili iliyokuwa ndani ya beseni langu. Nilimtazama Papa Écrivain. Alikuwa anamtazama profesa kwa makini sana, na mkono wake ukashuka chini ya meza ukanishika wangu.

"Nyamaza, mama," akaniambia. "Usiseme kwa mutu hata mumoja. Ule atakuja kuuliza mwisho, ni ule njo musomaji yangu."

Mlezi akasimama, akakimwagia kitabu chupa nzima, tone la mwisho akalikung'uta. Watu wakapiga makofi. Mwandishi alipewa dakika tatu, akazitumia kushukuru. Mimi nikarudi kwangu na beseni kichwani, na watu njiani wananiuliza kama nilikwenda kufua.

Miaka minne! Miaka minne rundo lile lilikaa kwenye sanduku chini ya meza yangu, na kila Jumamosi alikuja, kwa sababu nyuma ya kitabu tuliandika kwamba kimetengenezwa kwenye biro hii, na mwenye swali angefika hapa. Aliingia, akasalimu, akapangusa viatu ambavyo havikuwa na matope, kisha akauliza, "Kuko mutu alikuja?" Nami nikamjibu, watu walikuja, papa, walikuja kwa fotokopi.

Sifa zilikuja, hizo hazikukosa. Mlezi alikutana naye barabarani, akashusha kioo cha gari, akamwambia harusi ile ya mwisho ilimtoa machozi. Mchungaji wa kanisa la karibu alihubiri Jumapili nzima kuhusu toba ya yule fundi katika kurasa za mwisho. Mwalimu mwenzake, yule wa koti la suti, aliwapa wanafunzi swali, elezeni maana ya mwisho wa riwaya, na wanafunzi wote wakapita. Profesa akaendelea kumuua fundi katika kila mkutano. Kwa hiyo kitabu kisicho na mwisho kilikuwa na miisho mitatu, na mwandishi aliipokea yote kwa kuinamisha kichwa na kusema asante. Ukifungua tu ukurasa wa kwanza utaona orodha, sura kumi na mbili, imeandikwa pale. Hata orodha hawakuisoma.

Mwanzoni alicheka. Alikuja kunisimulia, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mwaka wa pili akawa anacheka peke yake. Mwaka wa tatu hakucheka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba faili halina karatasi ndani. Alikuwa anakwenda kukaa kwenye benchi na faili tupu. Nilimuuliza. Akaniambia amejiwekea nadhiri, hataandika tena hata mstari mmoja mpaka mtu mmoja aje kuuliza kama fundi alipiga hodi. Akasema kama hakuna anayetaka kujua huyu aliingia au hakuingia, kuwaandikia watu habari za mtu mwingine ni kupiga kelele ndani ya pipa.

Nilimkasirikia, tena sana. Nilimwambia ulete hivyo vitabu vyote, nitavibandua kwa mikono yangu na kuingiza sura, bure, kosa lilikuwa letu na chef. Nilimwambia unawatega watu kama panya, na mtu anayetega panya asishangae kupata panya. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza, akainuka, akasema, "Mama, mimi sikuwatega. Milango iko wazi." Akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akarudi, akapangusa viatu. Nililia baada ya yeye kuondoka, na sikulia kwa sababu ya kosa langu peke yake. Nilikuwa nimeshazoea sentensi zake ndefu, na nilizikosa.

Mwaka wa nne maji ya mto yalishuka vibaya. Baleinière, zile mashua kubwa za mbao zenye mota, zikawa zinakwama kwenye mchanga, na watu wanachelewa kufika mpaka familia zinaanza kuulizana. Asubuhi moja akaingia bironi mama mmoja mnene, ananuka moshi wa samaki, kitenge kimefungwa kwa ajili ya vita. Akakipiga kitabu juu ya meza yangu. Kilikuwa kimeiva kwa mikono ya watu, kona zimekuwa duara.

"Ile ingine iko wapi?" akauliza.

Nikamuuliza ingine ipi.

"Ya mwisho. Huyu mwanaume alinyanyua mukono. Bon. Alipiga hodi ao hakupiga?"

Nikampa kiti, na safari hii nilikitazama kwanza. Akanieleza. Anafanya biashara ya samaki kati ya Basoko na hapa. Baleinière yao ilikwama chini ya Isangi, siku kumi na tisa. Simu zilizimika siku ya pili, redio ya nne. Abiria mmoja aliteremka kwa mtumbwi akasahau kitabu, na yeye ndiye aliyekuwa na miwani. Kila jioni aliwasomea, na wasiosikia Kiswahili vizuri aliwageuzia kwa Lingala, mpaka nahodha akawa anaacha mota yake anakuja kukaa mbele. Walimpenda yule fundi wa reli. Wanawake walimtukana, lakini walimpenda. Walipofika ule mkono ulioinuliwa na nyuma yake hakuna kitu, watu wakainuka kwa hasira wakasema ni yeye ameficha karatasi, anataka kuziuza. Walipekua mzigo wake mpaka kwenye samaki.

Nikampigia simu Papa Écrivain. Nilimwambia tu, njoo, yuko mtu. Alifika nyuma ya toleka, vifungo vya shati vimepishana, na baada ya miaka yote ile ya kungoja akasahau kupangusa viatu. Alisalimu, akatafuta mahali pa kuweka mikono. Nilitoa rundo chini ya meza, nikaokota nakala moja, nikampa yule mama. Akavaa miwani. Akasoma palepale, midomo inatembea, na sisi tumekaa tunamtazama. Wateja walikuja, nikawafukuza. Papa Écrivain alikuwa akitazama kila ukurasa unavyogeuka, na ule mguno wake wa kooni ulimtoka mara mbili bila mtu kukosea kitu.

Alipomaliza alivua miwani, akaweka karatasi chini.

"Haiko vile," akasema.

Katika sura ya kumi na mbili fundi hapigi hodi. Anashusha mkono, anageuka, anarudi Ubundu kwenye mashine yake. Papa Écrivain alitumia miezi minane kuiandika, na mimi niliipiga mara tano.

Mwandishi akauliza kwa heshima, haiko vile namna gani.

Yule mama akamwambia mtu ametembea kutoka Ubundu kwa miguu, reli yote ile, miguu imevimba, papa ameandika mwenyewe kwamba imevimba, anafika kwenye mlango wa mama mkwe wake, halafu anarudi? Hata maji ya kunywa haombi? Papa Écrivain akaanza kueleza kwamba mlango ule si mlango tu, ni dhamiri ya mtu. Mama akajibu kwamba mlango ni mlango. Akasema wao kule kwenye mchanga walikwisha kumaliza hii habari vizuri: anapiga hodi, mama mkwe anafungua, hamsalimii, anamwekea beseni la maji aoshe miguu, kisha anakwenda kuita binti yake. Binti anakuja au haji, hapo watu wa baleinière waligawanyika, lakini miguu ilioshwa, hilo lilikuwa limekwisha.

Sasa mwandishi akakasirika. Nilimwona anapanda, shingo inajaa. Akahamia Kifaransa. Akasema alikaa na mtu huyu miaka mitatu kichwani, anamjua. Akasema kitabu si baraza la kijiji, watu hawapigi kura. "Ni mimi niliandika," akasema, na akapiga meza yangu.

Mama hakupiga kitu. Alikuwa anakunja kitenge chake.

"Wewe uliandika yeye, papa. Sisi tulikaa naye siku kumi na tisa kwa muchanga. Tuligawa naye kwanga ya muhogo. Hawezi kurudia bila kupiga hodi."

Papa Écrivain akaondoa mkono mezani. Nikafikiri sasa atalia, au atamfukuza, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Akakaa. Akavuta kiti karibu, akamuuliza tena, taratibu, kwa Kiswahili, hiyo habari ya beseni. Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Mama mkwe alisema neno au hakusema? Mama akajibu, na hapo hawakukubaliana tena. Waligombana mpaka saa tisa. Fundi cherehani alikuja kusimama mlangoni kusikiliza. Mwishowe mama akasema mzigo wake utaoza, akainuka, naye akainuka nyuma yake, wakaelekea bandarini kwa miguu, bado wanagombana, na hakuna aliyekumbuka kuniaga.

Ni mwezi wa nane sasa tangu siku ile. Papa Écrivain anaandika sura ya kumi na mbili upya. Anaiandika kwenye benchi, karatasi zimerudi ndani ya faili, mimi naipiga, kisha anaifunga kwenye plastiki na kuikabidhi kwa nahodha wa baleinière inayokwenda Basoko, ampelekee yule mama wa samaki. Baada ya wiki mbili au tatu jibu linarudi kwa mdomo wa nahodha. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu mama mkwe anaongea mno, amekuwa kama mwalimu. Ya pili ilikataliwa kwa sababu maji ya kuosha yalikuwa ya moto, na mtu aliyekasirika hachemshii mtu maji. Ya tatu nilidhani itapita. Mimi mwenyewe niliiona nzuri, nilimwambia, akanitazama kwa shukrani, lakini niliona anangojea neno lingine.

Wiki iliyopita nilishuka bandarini kuchukua mzigo wangu wa wino, nikamkuta pale juu ya gogo, amekonda, anakohoa, shati chafu. Baleinière ilikuwa imeingia asubuhi. Nahodha alikuwa amekwisha kumwona. Nikamuuliza kuna habari gani.

"Ule musomaji yangu amekataa tena, mama," akaniambia. "Anasema sasa iko karibu, lakini bibi ya fundi anatoka haraka sana. Anasema hata yeye, kwa hasira ile, angemungojesha kwanza."

Akatazama maji kidogo, kisha akaniuliza kama groupe ina bensini. Nikamwambia ipo. Katika miaka yote niliyomfahamu sijamwona na furaha kama ile.